Kumbi Zilizozimwa Taa na Vita vya Mchezo

Agosti 1914 Dar es Salaam ilikuwa mbioni kupokea wageni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huo, na serikali ya Wajerumani ilitaka kujitapa kwa maonyesho makubwa ya koloni zima. Mwezi huohuo vita vikazuka Ulaya, vikavuka bahari, na maonyesho yakafia njiani.

Nje kidogo ya mji wa wakati ule, palipo na Soko la Kariakoo leo, kulikuwa na jengo jipya ambalo nalo lilikosa kazi. Historia inayosimuliwa sokoni ni kwamba Wajerumani walilijenga mwaka 1914 kwa ajili ya sherehe za Kaisari wao. Wapo wanaosema zilikuwa sherehe za kumtawaza, jambo gumu kidogo kulikubali, maana Wilhelm wa Pili alikuwa amekalia kiti tangu 1888. Sherehe yoyote iliyokusudiwa haikufanyika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, waliobebeshwa risasi na vyakula kutoka pwani hadi bara. Walikufa kwa makumi ya maelfu, maradhi na njaa vikiwaua wengi kuliko risasi. Sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja kwenye maandishi yake, ingawa aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Kambi ikavunjwa, watu wa mjini wakabaki na jina lake walilolitamka kwa namna yao, na jengo likawa soko.

Ndiyo kusema eneo lenye pilikapilika za biashara kuliko jingine lolote nchini lilianza na ukumbi uliowakosa wageni wake, ukapita mikononi mwa jeshi, kisha ukaangukia kwa wachuuzi. Katika nchi nyingine majengo kama hayo siku hizi yanapita mikononi mwa jeshi la aina nyingine kabisa: vijana waliovaa miwani ya plastiki, wanaolipa kiingilio ili wapigane Jumamosi na kurudi nyumbani jioni kuoga.

Mchezo wenyewe huitwa easofti. Ulianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida ni vigumu mno kumiliki bunduki, na ambako wapenda silaha walijitengenezea mifano inayorusha vidonge vya plastiki. Kidonge kina upana wa milimita 6 na uzito wa takribani gramu 0.20. Kuna bunduki zinazosukuma kwa springi, nyingine kwa gesi, na nyingi za leo kwa mota ndogo ya betri, aina iliyoletwa na kampuni ya Tokyo Marui mwaka 1991. Tofauti yake na peintiboli, mchezo uliochezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1981, ni kwamba kidonge cha easofti hakiachi rangi. Aliyepigwa hana doa la kumshtaki. Anatakiwa mwenyewe ainue mkono, aseme amepigwa, atoke. Kwa aliyekulia Dar es Salaam, ni kama kombolela yenye betri: kujificha, kunyatia, kukimbia, na ugomvi usiokwisha juu ya nani kaonwa kwanza.

Mchezo huu hauhitaji nyasi wala viti vya watazamaji. Unataka korido, ngazi, vyumba vyenye milango miwili na kona ambazo mtu hajui nini kiko nyuma yake. Jengo lililochakaa lina vyote hivyo, tena bure. Ukuta uliobanduka rangi, ambao ungemfukuza mteja wa hoteli, kwa wachezaji ni pambo. Ndiyo maana nchini Uingereza, mjini Reading, jengo la maduka la Friars Walk lilipofungwa na kubaki likisubiri mradi mpya, waandaaji wa michezo waliingia humo wakaendesha mapambano ya mazombi na easofti kwenye vibaraza vilevile ambavyo watu walikuwa wakinunulia viatu. Mwenye jengo hupata chochote wakati vibali vya kubomoa vinazunguka maofisini. Mwandaaji hupata uwanja ambao hangeweza kuujenga kwa fedha zake. Mpangaji wa namna hii haombi marumaru wala dari jipya. Anaomba paa lisilovuja sana na mlango unaofungwa.

Swali linalojitokeza kwa msomaji wa Dar es Salaam ni rahisi: mbona hapa, mjini kati, kwenye kumbi nyingi za sinema zilizozima taa, hakuna aliyefanya hivyo?

Kumbi zilikuwepo za kutosha. Kizazi kilichokua kabla ya televisheni kinazitaja kama kinavyotaja vituo vya basi: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox, na Amana kule Ilala. Foleni ya tiketi ilikuwa burudani ya kwanza kabla ya filamu. Picha ya Kihindi ya Jumapili ilikuwa shughuli ya ukoo mzima, watu wametia nguo za kutokea, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na walanguzi wa tiketi wakiwa kazini mlangoni. Raj Kapoor alijulikana na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Baadaye akaja Bruce Lee, na kila mtaa ukapata mtoto aliyevunja kitanda cha mama yake kwa mateke. Profesa Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani aliyechimba habari za sinema za Tanzania kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka 2018, ameonyesha jinsi kumbi hizo zilivyokuwa moyo wa maisha ya mjini, mahali ambapo Mhindi, Mswahili, Mwarabu na Mgoa walikaa kwenye giza moja hata kama si kwenye viti vya bei moja.

Kilichoziua hakikuwa kimoja. Uchumi wa miaka ya 1980 ulikausha fedha za kigeni, filamu mpya zikawa adimu, mashine zikakosa vipuri. Video zikaingia majumbani na kwenye mabanda ya uswahilini. Mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara, na aliyekuwa na seti sebuleni hakuona tena sababu ya kupanda daladala mpaka mjini. Taa zikazimwa ukumbi baada ya ukumbi. Lakini majengo hayakukaa matupu kungojea watu wa michezo. Mengine yakakatwa kuwa maduka, mengine yakawa maghala, mengine yakaangukia mikononi mwa makanisa, ambayo yalikuta viti vimeshapangwa kuelekea mbele.

Kisa kinachosisimua kuliko vyote kiko nje ya mjini kati, Msasani. Huko kulikuwa na sinema ya wazi ya magari, maarufu kwa jina la Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966. Watu waliegesha magari yao mbele ya pazia kubwa, wasio na magari wakatafuta njia zao, na filamu za kivita na za makauboi zikapigwa chini ya nyota. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipua Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, likaua watu 11. Wamarekani walipotafuta kiwanja cha ubalozi mpya, chenye nafasi ya kutosha kutoka barabarani, walikipata pale penye Drive-In ya zamani. Ubalozi ukafunguliwa mwaka 2003. Uwanja ambao watu walikuwa wakienda kutazama milio ya bunduki kwenye pazia sasa ni miongoni mwa maeneo yanayolindwa vikali kuliko yote jijini.

Hata majengo yaliyopata bahati nzuri zaidi hayakurudi kwenye mchezo. Klabu ya Waingereza pale Kivukoni ilikuja kuwa Hoteli ya Forodhani, ikawa na chuo cha kufundisha kazi za hoteli, na baadaye majaji wa Mahakama ya Rufani wakaingia humo. Boma la Kale, lililojengwa zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860, limekarabatiwa likawa kituo cha urithi wa usanifu majengo. Ni matumizi ya heshima, na hakuna wa kuyalalamikia. Yanaonyesha tu kwamba mjini kati kila chumba kina mwombaji wake, na mwandaaji wa michezo huwa wa mwisho kwenye foleni.

Hapo ndipo hesabu ya Kariakoo inapoingia. Chukua ukumbi wa sinema wa zamani wenye viti mia kadhaa. Sakafu yake ina mteremko, kwa hiyo fundi anaijaza kifusi na kuisawazisha. Anapandisha kuta za tofali, anaweka mageti ya kukunja, na ukumbi mmoja unazaa fremu nyingi mbele na stoo nyuma. Kila fremu ina kodi yake, mara nyingi inalipwa kwa miezi mingi kwa mkupuo, na juu yake kuna kilemba ambacho mpangaji mpya humpa anayeondoka. Juu ya fremu kuna stoo, juu ya stoo kuna ofisi za mawakala wa mizigo ya China. Asubuhi maguta yamepanga mstari, winga anavuta wateja kutoka Kongo, Zambia na Malawi, na hata ngazi ina mtu anayeuza soksi. Februari 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi. Sasa mletee mwenye jengo hilo pendekezo la vijana 40 watakaokuja Jumamosi na Jumapili kulipa kiingilio, na Jumatatu hadi Ijumaa pabaki patupu. Atakukaribisha chai, kwa sababu ana adabu.

Soko lenyewe ni ushahidi. Lile jengo la Wajerumani lilibomolewa, na mahali pake pakajengwa soko lililobuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo wa Kiafrika katika Afrika Mashariki, kijana wa Masasi aliyesomea Israeli. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayonywa maji ya mvua na kuyashusha kwenye tangi chini ya ardhi. Chini ya usawa wa barabara kuna Shimoni, ghorofa ambayo mizigo hushushwa na ambako mtu anayeingia mara ya kwanza hupoteza mwelekeo ndani ya dakika mbili. Mpenda easofti akiiona Shimoni ikiwa tupu angelia kwa furaha. Na kuna kipindi ilikuwa tupu kweli: usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko hilo kuu, wafanyabiashara wakahamishwa, na jengo likabaki na miavuli yake iliyoungua. Mjadala uliofuata haukuwa wa nini kingine kifanyike pale. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine pembeni. Lilikuwa soko, likarudi kuwa soko.

Tuchukulie hata hivyo kwamba ametokea mwenye jengo mwenye huruma. Kikwazo kinachofuata ni sheria, na hiki si cha mzaha. Silaha na risasi nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, chini ya Jeshi la Polisi. Bunduki ya easofti imetengenezwa makusudi ifanane na ya kweli: uzito, magazini, hata kitako. Nchi zinazoendesha mchezo huu zimeulazimisha uingie kwenye karatasi. Japani imeweka kikomo cha nguvu chini kidogo ya juli 1. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ilizuia uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli, ikawaachia mwanya wachezaji walio kwenye viwanja vinavyotambulika, na wasio na sifa hiyo wanauziwa zilizopakwa rangi kali isiyoweza kumdanganya mtu. Mwagizaji wa Dar es Salaam anayedhani kontena la bunduki hizo litapita bandarini kwa maelezo ya "vifaa vya michezo" anajitafutia safari ya kituoni.

Na nguo je? Wachezaji wa easofti duniani kote hupenda kombati. Hapa, Agosti 2023, Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wayasalimishe. Muuza mitumba anayepata marobota kutoka ng'ambo anajua vizuri kwamba suruali ya mabakamabaka inaweza kumletea matatizo kuliko faida. Timu ya Kariakoo ingelazimika kupigana kwa jezi za Simba na Yanga, jambo ambalo, kusema kweli, lingeongeza ushindani.

Kuna pia jirani. Kwenye mtaa uliobanana hivi, mtu mwenye bunduki bandia dirishani ghorofa ya pili ataonekana na muuza maji, dereva wa bodaboda na mlinzi wa benki kabla hajamaliza kulenga. Hakuna hata mmoja atakayefikiri kuwa ni mchezo. Mji huu una kumbukumbu za bomu la 1998 na za matukio ya ujambazi wa kutumia silaha, na haudai maelezo marefu kabla ya kupiga simu.

Usalama wa wachezaji wenyewe unaanzia machoni. Kidonge cha gramu 0.20 kikirushwa kwa nguvu ya juli 1 kinatoka kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde. Ngozini kinaacha alama nyekundu, jichoni kinaacha kilema. Wazazi wengi wameshaonja sehemu ya hofu hiyo siku za Idi, watoto wanaponunua kwa fedha za sikukuu bastola za plastiki zenye vigololi vya njano na kuanza kulengana uani. Uwanja wa kweli hauruhusu mtu kuvuka mlango bila miwani maalumu, na mwamuzi anayemwona mchezaji ameivua husimamisha pambano zima.

Lakini kinachotisha zaidi mjini kati si kidonge, ni jengo. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, Zanzibar, jumba la makumbusho lililokuwa limefungiwa wageni, ilianguka ikiwa kwenye ukarabati na kuua watu wawili. Novemba 16, 2024, ghorofa la biashara Kariakoo lilianguka asubuhi watu wakiwa ndani na kuua zaidi ya 20, na Rais Samia akaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Jengo lililoachwa bila matunzo, nondo zake zikiwa zimelambwa na chumvi ya bahari, kisha likaingizwa vijana 40 wanaokimbia na kurukia ngazi gizani, linahitaji mhandisi kwanza na mwamuzi baadaye.

Yote haya hayamaanishi kwamba Dar es Salaam haina haja ya mchezo wa namna hii. Jiji lina mamilioni ya vijana, viwanja vya wazi vinazidi kumezwa, na burudani ya mwisho wa wiki kwa wengi ni mpira kwenye runinga ya baa au kuzunguka kwenye maduka makubwa bila kununua. Nairobi ina viwanja vya peintiboli, na makampuni hupeleka wafanyakazi wao huko wakajenge umoja kwa kupigana rangi. Soko la aina hiyo lipo hapa pia. Ila mahali pake si Kariakoo wala Posta. Ni kwenye magodauni ya zamani kandokando ya Barabara ya Nyerere, au pembezoni, Kigamboni na kwingineko, ambako jengo tupu linaweza kuwa na uzio, maegesho, na hakuna dirisha linalotazama duka la mtu.

Na pengine si lazima kuanza na vidonge. Upo mchezo wa aina hiyohiyo unaotumia miale ya mwanga, mchezaji akivaa fulana yenye vitambuzi vinavyolia anapolengwa. Hauumizi jicho kwa kidonge, na bunduki yake inaweza kufanana na pasi ya umeme bila kupunguza raha. Pia hauachi maelfu ya vidonge vya plastiki sakafuni, jambo la kufikiriwa katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019. Kwa jiji hili, huo ndio mlango mwepesi zaidi wa kuingilia.

Mwenye mtaji anayeusoma ukurasa huu na kuanza kupiga hesabu ya ukumbi fulani anaoufahamu, asikimbilie kulipa kodi wala kuagiza mzigo. Aende kwanza polisi na barua inayoeleza kifaa anachotaka kuleta, apate jibu la maandishi. Kisha amlipe mhandisi aliyesajiliwa akalikague jengo kuanzia msingi hadi paa, azungumze na kikosi cha zimamoto kuhusu milango ya kutokea, na amtafute mwenyekiti wa serikali ya mtaa amweleze ni kitu gani majirani watakisikia. Majibu hayo manne yakiwa mkononi, ndipo aulize bei ya fremu.